Weusi wa Picha si Kosa la Ngozi

Fungua jarida lolote la shule humu nchini. Aghalabu utawaona wanafunzi wamepangwa mbele ya ukuta mweupe, jua la adhuhuri li utosini, na nyuso zao ni giza tupu lenye meno. Watazamaji hucheka na kusema kwamba fulani "ni mweusi mno". Kauli hiyo ni potofu, na humuumiza mtoto anayeisikia.

Kosa ni la nuru, wala si la ngozi. Kamera haimjui mtu. Hupima mwanga wote ulio mbele yake na kuusawazisha uwe wa wastani. Ukuta mweupe ukitawala picha, kamera hupunguza mwanga na uso huzama gizani. Isitoshe, filamu za rangi hazikuundwa kwa kutufikiria sisi. Tangu miaka ya 1950, kampuni ya Kodak ilizipa maabara kadi yenye sura ya mwanamke mzungu, iliyoitwa Shirley, ili rangi zilinganishwe na ngozi yake. Hata hivyo, Seydou Keïta, aliyefungua studio mjini Bamako mwaka 1948, aliwapiga Waafrika wenzake picha za kupendeza mno, aghalabu kwa nuru ya jua uani mwake.

Basi tufanyeje? Kwanza, tuchague wakati. Hapa petu kwenye ikweta, jua la saa sita huangaza kutoka juu na kuyatia macho kivuli. Afadhali kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Ikibidi kuwa adhuhuri, mtu asimame kivulini barazani, uso wake ukielekea uwanjani kwenye mwanga. Anayetumia simu auguse uso huo kwenye kioo ili kamera iupime wenyewe, si ukuta.

Pili, tupange vilivyomo. Mimi ni mwanaisimu, nami huiona picha kama sentensi: ina kiima chake, na vivumishi vya ziada huivuruga. Kabla ya kubonyeza, jiulize kiima ni nani, kisha msogelee. Hakikisha mlingoti wa bendera hauchomozi kichwani pake. Igawe picha kwa mistari miwili ya wima na miwili ya mlalo, macho yakae kwenye mstari wa juu. Kanuni hiyo ya theluthi ilitajwa na Mwingereza John Thomas Smith mwaka 1797. Anayetazama kushoto aachiwe nafasi kushoto.

Jina la sanaa hii katika lugha nyingi za Ulaya limeundwa kwa maneno mawili ya Kiyunani: nuru na kuandika. Walimu walezi wa vyama vya uandishi, ambao huwasahihishia wanafunzi insha kwa kalamu nyekundu, wawasahihishie pia picha zao. Hapahitajiki kamera mpya wala bajeti, panahitajika mtu wa kusema, "Geuka, utazame mwanga." Kila mtoto anastahili kuonekana alivyo.