Atafitiwaye Ashirikishwe

Ni jambo lisilopingika kwamba utafiti wa afya usiowafikia wote huzaa mipango isiyowafaa wote. Nchini Marekani ukweli huu umedhihirika kwa wanaume wahamiaji kutoka Meksiko na Amerika ya Kati. Hao ndio wavunao tumbaku, wajengao nyumba na kuchinja kuku viwandani. Lakini katika taarifa nyingi za watafiti wamekuwa kama hawapo.

Jimbo la North Carolina ni mfano ulio wazi. Sensa ya mwaka 1990 ilihesabu huko watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini wapatao 77,000. Ile ya mwaka 2010 ilihesabu 800,000. Kliniki nyingi hufunguliwa saa ambazo kibarua yuko kazini, na asipofanya kazi hapati ujira. Wengi hawana bima wala hati za ukaazi, na kila fomu inayodai jina na anwani huonekana kuwa mtego wa kuwarudisha makwao.

Wapo wanaodai kwamba wanaume hao hawajali afya zao. Dai hilo ni jepesi mno. Kati ya mwaka 1946 na 1948, madaktari wa serikali ya Marekani waliwaambukiza kwa makusudi kaswende na kisonono wafungwa, askari na wagonjwa wa akili nchini Guatemala, bila ya ridhaa yao. Siri hiyo ilifichuka mwaka 2010, na Marekani ikaomba radhi. Mtu wa Guatemala hastahili kulaumiwa akiuliza maswali mengi kabla ya kutia sahihi.

Dawa ya hofu hiyo ni ushirikiano. Katika North Carolina hiyo hiyo, watafiti walioungana na jumuiya za wahamiaji hawakuwangoja wanaume hospitalini. Waliwafuata kwenye ligi zao za kandanda. Mchezaji mmoja katika kila timu iliyohusika alifunzwa juu ya UKIMWI na magonjwa ya zinaa, naye akawaelimisha wenzake kwa lugha yao. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha kwamba wachezaji hao walitumia kondomu na kupimwa virusi vya UKIMWI zaidi ya wale wa timu zisizopata mafunzo.

Njia hii si ngeni kwa Tanzania. Katika miaka ya 1970, wataalamu waliofanya kazi Dar es Salaam, wakiwemo wa elimu ya watu wazima, walikuwa miongoni mwa waasisi wa utafiti unaowashirikisha wananchi wenyewe.

Kwa hiyo basi, mtumishi wa serikali au mwalimu apelekaye fomu za maswali kwa wananchi hana budi kwanza kujibu maswali yao: nani aliyetunga maswali haya, nani atakayetunza siri, na lini matokeo yatarudishwa kwa wenyewe? Asiye na majibu hayo asishangae akikuta milango imefungwa.