Debe Tupu Barabarani

Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Hawakuiona pikipiki iliyovuliwa bomba la moshi la kiwandani na kufungwa bomba fupi la kelele, lakini lau wangaliiona wasingalihitaji methali nyingine. Vijana wetu wanaamini kwamba pikipiki ikinguruma zaidi ina nguvu zaidi. Mimi nasema imani hiyo ni ya uongo, tena inawatia hasara wanaoishikilia. Na sisi wazee tuna wajibu wa kuikanusha kwa hoja, badala ya kulalamika tu kwamba tumenyimwa usingizi.

Mjukuu wangu anaendesha bodaboda ya mkataba. Kila jioni hupeleka hesabu kwa mwenye chombo, na kinachobaki ndicho chakula cha wanawe. Siku moja alinijia na bomba jipya, akavuta mafuta uani hata kuku wakatawanyika.

"Babu, sikia! Sasa inapumua."

Fundi alikuwa amemweleza kwamba bomba la kiwandani huibana injini. Nikamuuliza, "Umepimaje?" Akacheka. "Babu, si unasikia mwenyewe?"

Hapo ndipo penye kosa. Sikio hupima kelele, halipimi nguvu.

Ni kweli kwamba injini hupumua, lakini tuseme inavyopumua. Katika injini ya mipigo minne, vali ya kutolea moshi ikifunguka, moshi hutoka kwa kishindo, na kishindo hicho husafiri ndani ya bomba kama wimbi, kwa mwendo unaozidi mita 400 kwa sekunde. Wimbi likifika mahali bomba linapopanuka au kuishia, sehemu yake hurudi kuelekea injini, na sasa huvuta badala ya kusukuma. Likirudi wakati vali zote mbili zimefunguka kidogo, huondoa mabaki ya moshi na kuikaribisha hewa mpya. Likikosea wakati, msaada huo hupotea, na pengine hugeuka kuwa kikwazo. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, vali hiyo hufunguka mara 50 kila sekunde. Urefu na upana wa bomba ndivyo vinavyoamua ni katika kasi gani wimbi litawahi. Kwa hiyo bomba linaloongeza nguvu kwenye kasi ya juu aghalabu huipunguza kwenye kasi ya chini. Na bodaboda yenye abiria wawili na gunia la mkaa inaishi wapi, kama si kwenye kasi ya chini?

Wapo pia wazee wenzangu wasemao kwamba injini lazima ibanwe ndipo iwe na nguvu. Nao wamekosea. Hakuna injini inayofaidika kwa kuzibwa. Inachotaka ni moshi unaotoka kwa kasi na wimbi linalorudi kwa wakati.

Tena bomba halifanyi kazi peke yake. Kabureta ilipangwa kiwandani ili ipatane na bomba lile la awali. Ukifungua njia ya kutokea bila kugusa ya kuingilia, hewa inaweza kuizidi petroli, na injini ikapata joto kupita kiasi. Ile milio ya "pa-pa-pa" mafuta yanapoachiwa, ambayo vijana huiona sifa, ni petroli iliyokosa kuungua ndani ya silinda ikiungulia bombani. Kijana ameinunua kwa jasho lake, kisha anaishangilia inapopotea!

Nisijifanye mtakatifu. Mwaka 1978, nikiwa mwalimu kijana, nilikata sehemu ya nyuma ya bomba la pikipiki yangu ya mipigo miwili. Ilisikika kijiji kizima, ikashindwa na mlima niliokuwa nikiupanda kila Jumatatu. Sikujua kwamba katika injini ya aina hiyo bomba ni kiungo cha injini yenyewe: wimbi linalorudi ndilo huzuia hewa na petroli mpya visitoroke pamoja na moshi. Mhandisi Walter Kaaden, wa kiwanda cha MZ huko Ujerumani Mashariki, alilishughulikia jambo hilo kwa hesabu na majaribio katika miaka ya 1950, na kufikia 1961 injini yake ya mashindano ya sentimita za ujazo 125 ilitoa nguvu za farasi 25. Hakuzipata kwa msumeno na majivuno.

Basi nikamwambia mjukuu wangu tupime, kama nilivyofundishwa chuo cha ualimu: badili kitu kimoja, vingine viache vilevile. Tulipanda kilima kilekile kutoka darajani hadi sokoni, gia ya tatu, mimi nyuma yake na saa mkononi, mara tatu kwa kila bomba. Kila mara bomba la kelele lilichelewa kwa sekunde mbili au tatu. Kisha tukapima matumizi. Kwa lita moja bomba la kiwandani lilitupeleka kilomita 44, lile jingine 37. Sitatia chumvi: sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na mkono wa dereva, maana kelele humchochea mtu kuvuta mafuta. Na kwenye tambarare, mafuta yakivutwa hadi mwisho, bomba la kelele lilishinda kidogo. Nakiri. Lakini ni abiria gani atalipa nauli zaidi kwa hilo?

Wengine hudai kwamba kelele huokoa maisha. Mdomo wa bomba hutazama nyuma. Gari linalokukatia njia liko mbele. Washa taa, punguza mwendo.

Sina ugomvi na anayebadili bomba kwa kipimo, akairekebisha kabureta na kuacha kizuia sauti mahali pake. Ugomvi wangu ni na fundi anayemuuzia kijana kelele kwa bei ya nguvu. Mjukuu wangu alilirudisha bomba la zamani kimyakimya. Kijiweni walimcheka kwamba anaendesha pikipiki ya mwalimu, lakini jioni petroli ilikuwa imebaki.

Asiyekubaliana nami asinipigie kelele. Kilima kipo, na saa ninayo.