Ndege Kuukuu Ni Urithi, Si Chuma Chakavu

Wapo miongoni mwetu watu ambao wakisikia neno utamaduni huona ngoma, mtungi, mkeka na mkuki, basi. Ukiwaambia kwamba hata injini ya ndege yaweza kuwa sehemu ya utamaduni wa taifa, watacheka. Hao ndio ninaotaka kubishana nao hapa, na ninawaomba walimu na wanafunzi wawe waamuzi wetu.

Huko Weybridge, Uingereza, lipo Jumba la Makumbusho la Brooklands. Jumba hilo limesimama mahali palipokuwa na kiwanda cha ndege, na shabaha yake ni kuhifadhi kumbukumbu ya kazi iliyofanywa na watu wa sehemu ile. Katika kiwanda hicho ziliundwa ndege za abiria aina ya VC10, zenye injini nne mkiani. Jumla yake ni 54. Ndege ya mwisho kabisa katika hizo 54 haikuundwa kwa ajili ya Waingereza. Iliundwa kwa ajili yetu. Ilikuwa mali ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1970, na alama yake ilikuwa 5H-MOG. Mwanafunzi asiyejua na ajue leo: 5H ni alama ya ndege za Tanzania, 5X ya Uganda, na 5Y ya Kenya.

Shirika hilo lilianza kazi mwaka 1946 kwa ndege ndogo sita za mbao na kitambaa. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1966, lilipokea VC10 yake ya kwanza, na hatimaye likawa nazo tano, zikiwa na alama za nchi zote tatu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Shirika likafa pamoja nayo. VC10 nne zilizokuwa zimesalia zikarudishwa Uingereza. Jeshi la Anga la nchi hiyo likazigeuza kuwa matangi ya kujazia ndege nyingine mafuta angani, likazitumia kwa miaka mingi. Ile iliyokuwa 5H-MOG ikaitwa ZA150. Tarehe 24 Septemba 2013 ilitua kwa mara ya mwisho katika uwanja wa Dunsfold, ili watu wa Brooklands waihifadhi.

Jumba hilo hilo lina VC10 nyingine, iliyokuwa ya Sultani Qaboos wa Oman. Yeye aliitoa kwa hiari yake mwaka 1987, na jina la Oman likabaki pale kwa heshima. Ndege yetu haikutolewa na mtu kwetu. Ilifika huko kama mtoto wa marehemu aliyelelewa na jirani kwa sababu ndugu walikuwa wakigombana juu ya mirathi.

Siwalaumu Waingereza. Aliyeokota na kutunza hana kosa. Ninatulaumu sisi, maana tunazo hoja tatu za kujitetea, na zote tatu ni mbovu.

Hoja ya kwanza husema: ndege ni kitu cha Wazungu, haihusiani na utamaduni wetu. Je, kanga je? Kwa miaka mingi kanga zilipigwa chapa Ulaya na Bara Hindi, lakini nani atathubutu kumwambia mama wa pwani kwamba kanga si yake? Fidla ya taarabu ilichongwa wapi? Kitu hakiwi cha taifa kwa sababu ya mahali kilipozaliwa tu. Huwa cha taifa kwa sababu ya mikono iliyokitumia, akili iliyokimudu, na maisha yaliyopita ndani yake. Rubani, fundi, mhudumu na mpakiaji mizigo wa Afrika Mashariki waliifanya ile ndege kuwa yao kwa jasho. Anayesema mashine haiwezi kuwa yetu anarudia, bila ya kujua, kasumba ile ile ya mkoloni: kwamba Mwafrika ni wa kucheza ngoma, na mashine ni za wengine.

Tena mfano mwema tunao hapa hapa kwetu. Mwaka 1971 Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilianzisha jumba la makumbusho ya reli mjini Nairobi. Humo limehifadhiwa mojawapo la yale magari moshi makubwa yaliyopewa majina ya milima yetu. Linaitwa Gelai, mlima ulioko Tanzania, kando ya Ziwa Natron. Jumuiya ilivunjika, lakini Gelai liko palepale, na mtoto wa leo aweza kuligusa gurudumu lake. Ikiwa watu wa reli waliweza, wa anga walishindwa nini?

Hoja ya pili husema: hatuna fedha, na kuna zahanati za kujenga. Zahanati zijengwe, nami nitakuwa wa kwanza kuchanga. Lakini ni nani aliyesema kwamba makumbusho lazima yaanze na ndege kubwa? Yaweza kuanza na chumba kimoja: injini iliyopasuliwa ubavu ili wanafunzi waone vilivyomo, kipande cha bawa, sare, picha, ramani, na daftari la safari la rubani. Wahenga wamekwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wametuambia pia kwamba akiba haiozi. Mafundi waliofanya kazi katika Shirika lile sasa ni wazee sana, na kila mwaka tunawazika pamoja na elimu yao. Kuwaketisha na kuandika maneno yao kunahitaji kalamu na subira, si mamilioni.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniumiza. Husema: ndege kuukuu ni chuma chakavu. Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa kikazi katika mkoa mmoja, nikaona kando ya uwanja wa ndege gofu la ndege ndogo, mbuzi wamejipumzisha chini ya bawa. Niliuliza ilikuwa ya nani, na ilisafiri wapi. Hakuna aliyejua. Niliporudi mwaka uliofuata halikuwapo; lilikuwa limeuzwa kwa kilo. Mwenzangu akanitania kwamba pengine ugali tuliokula mchana ule ulisongwa ndani yake, maana bati la ndege hutoa sufuria nzuri. Tulicheka. Usiku nilikosa usingizi.

Kwa nini nikose usingizi kwa ajili ya bati? Kwa sababu ndani ya bati hilo mna watu. Tarehe 18 Aprili 1972, VC10 yetu yenye alama 5X-UVA ilishindwa kuruka katika uwanja wa Addis Ababa. Tairi la mbele lilipasuka, breki hazikushika ipasavyo, na watu 43 wakapoteza maisha. Jambo hilo lastahili kuwekwa mbele ya kila kijana anayejifunza ufundi wa ndege, aone kwa macho kwamba kosa dogo la karakana huhesabiwa kwa roho za watu. Tumeliweka wapi? Taifa lisilotunza mashine zake za jana halipotezi vyuma tu. Hupoteza mafunzo yaliyolipiwa kwa damu, kisha hulazimika kuyalipia tena.

Mwezi Julai 2018 tuliipokea kwa shangwe ndege yetu ya kwanza aina ya Dreamliner. Nasi tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini ipo siku nayo itachakaa. Siku hiyo itakwenda wapi?

Basi natoa rai tatu. Ndege yoyote ya umma isiuzwe kama chuma kabla Makumbusho ya Taifa hayajaulizwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyofufuliwa mwaka 2000, ianzishe makumbusho ya usafiri wa anga ya nchi zetu, maana historia ile haigawanyiki kwa mipaka. Nanyi walimu, msingoje Serikali: watumeni wanafunzi kwa wazee waliofanya kazi viwanjani, wakawaulize na kuandika.

Ngoma tuicheze, mtungi tuutunze. Lakini mtoto wetu asilazimike kuomba visa ili akaione ndege iliyobeba alama ya nchi yake.