Hadithi ya Akhwari Tunaisimulia Nusu

Kila mwalimu wa Tanzania aliyewahi kusimama mbele ya wanafunzi siku ya michezo anaijua hadithi hii. Tarehe 20 Oktoba 1968, huko Mexico City, John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, alianguka katikati ya mbio za marathoni, akaumia goti na bega. Alifungwa bendeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikwisha kushinda zaidi ya saa nzima kabla, na giza lilikuwa linaingia, Akhwari alipotokea uwanjani akichechemea. Walianza wakimbiaji 75, wakamaliza 57, naye alikuwa wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile aanze mbio tu, bali azimalize.

Nimeisimulia hadithi hiyo mstarini miaka mingi, kwanza nikiwa mwalimu wa kawaida, kisha nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu. Niliisimulia kwa sauti ya juu, na vijana walipiga makofi. Leo nasema kwamba niliisimulia vibaya, kwamba wengi wetu tungali tunaisimulia vibaya, na kwamba wapo watu waliolipia usimulizi wetu kwa miguu yao.

Nusu tunayoiacha ni hii. Mwezi Julai 1970, yaani miezi 21 baada ya Mexico City, Akhwari huyo huyo alikimbia marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, akamaliza wa 5, kwa muda wa saa 2 na dakika 15. Mexico City alikuwa ametumia saa 3 na dakika 25. Ndugu msomaji, goti bovu halikimbii kilometa 42 kwa saa 2 na dakika 15. Goti lile lilikuwa limepona. Na goti haliponi kwa makofi ya watazamaji. Huponywa na siku, na siku hizo hazina mpiga picha wala mtangazaji. Ndiyo maana hatuzisimulii.

Kiswahili chetu ni tajiri kuliko hotuba zetu. Kina neno uvumilivu, na kina neno subira. Uvumilivu ni kubeba maumivu yaliyokwisha kukupata. Subira ni kungoja jambo lifike kwa wakati wake. Mtu aweza kuwa na la kwanza tele, na la pili asiwe nalo hata chembe. Sisi walimu wa michezo tumehubiri la kwanza peke yake, tena kwa methali tuliyoigeuza. Tunamwona mtoto anakimbia huku anakunja uso kwa maumivu, tunamwambia, “Mvumilivu hula mbivu.” Hebu tuitazame methali yenyewe. Nani hula mbivu? Ni yule aliyeliacha embe mtini mpaka likaiva. Anayelipopoa kwa fimbo kabla ya siku zake anakula bichi, na meno yanamkatika ganzi. Katika mji wa miembe kama Tabora, methali hiyo haikustahili kutushinda.

Nitaje kosa langu mwenyewe, maana si haki kuwashutumu wengine na kujificha. Mwaka 1994 nilikuwa na mwanachuo aliyekuwa hodari wa mita 10,000. Kwa wiki tatu kabla ya mashindano alilalamika kwamba muundi wa mguu wa kushoto unamwuma mahali pamoja, pakibonyezwa kwa kidole anaruka. Maumivu ya namna hiyo, ya nukta moja juu ya mfupa, ni dalili inayofahamika ya ufa mdogo unaotokana na mfupa kupigwapigwa na mbio bila kupewa nafasi ya kujijenga. Wakati ule sikuijua dalili hiyo, na sikutaka kuuliza. Nilimwita ofisini, nikamsimulia Akhwari. Alikimbia. Katika mzunguko wa kumi na tisa mfupa ulivunjika, na sauti yake ilisikika mpaka walipokaa wageni. Alifungwa plasta, akakosa mazoezi ya kufundisha, akachelewa mwaka mzima kuhitimu wenzake wakiwa wamekwisha kupangiwa shule na kuanza kupokea mshahara. Kwao alikuwa mtoto wa kwanza, na wadogo zake watatu walikuwa wakingoja mshahara huo.

Katika hotuba ya kufunga mwaka nilimsifu kwa ushujaa. Sikumwomba radhi.

Sisi wa Tabora tulipaswa kuwa watu wa mwisho kusahau thamani ya kupumzika, maana mji wetu ulikuzwa na watu waliokuwa wakipumzika. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilikatia hapa. Richard Burton na John Speke walifika mwezi Novemba 1857, pakiitwa Kaze, baada ya zaidi ya miezi minne kutoka pwani, wakakaa zaidi ya mwezi kabla ya kuendelea magharibi. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa mabingwa wa kazi hiyo. Mzigo wa mtu mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani kama kilo 32. Watu hao hawakuwa wavivu. Lakini walitembea asubuhi, jua likichoma wanapiga kambi, na msafara ukiwazidi waliketi chini wakagoma mpaka wasikilizwe. Walijua kwamba miguu ndiyo mtaji wao, na mwenye akili hali mtaji.

Katika njia hiyo hiyo, hata hivyo, walipita watu wengine ambao hawakuwa na haki ya kuketi. Hao walikuwa watumwa. Wao walisukumwa na vidonda vyao, na aliyeshindwa kabisa aliachwa porini au akauawa. Basi tukiulizana ni nani katika historia ya barabara yetu aliyelazimishwa kwenda na mguu mbovu, jibu si shujaa. Jibu ni mtumwa. Mpagazi huru alikuwa na kauli juu ya mguu wake. Mwalimu anayemwondolea mtoto kauli hiyo, kwa fimbo au kwa hotuba nzuri, na ajiulize ameshika nafasi ya nani katika msafara.

Nitajibiwa, “Mwalimu, unawafundisha watoto uvivu.” La hasha. Mtu asidhani subira ni kulala kitandani. Mwaka jana, nikiwa na miaka sabini na tatu, niliumia kano ya kisigino nikikimbia taratibu alfajiri kwenye barabara ya kwenda Kwihara, kwenye lile tembe ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872 akingoja wapagazi mpaka mwezi Agosti. Baada ya siku kumi maumivu yalitulia, nikadhani nimepona, nikarudi barabarani. Hazikuisha dakika tano nikarudi nyumbani nimeegemea baiskeli ya jirani. Nilikuwa nimetenda juu ya mguu wangu ujinga ule ule niliomtendea kijana wa watu. Maumivu kutulia si kupona. Kano hupata damu kidogo kuliko nyama, kwa hiyo hujijenga polepole, na hatujui kwamba bado mpaka tunapoitegemea.

Mtaalamu wa viungo aliyenipima alinipa kazi ambayo daktari mmoja wa Sweden, Håkan Alfredson, aliieleza mwaka 1998. Unasimama kwenye ngazi kwa sehemu ya mbele ya unyayo, unashusha kisigino polepole chini ya ukingo wa ngazi, kisha unajiinua kwa mguu mzima. Mafungu matatu ya mara 15 goti likiwa limenyooka, matatu mengine goti likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni. Hiyo ni mara 180 kwa siku, kila siku, kwa wiki 12. Alfredson aliwajaribu watu 15 waliokuwa na maumivu sugu katikati ya kano hiyo, na wote 15 walirudi kukimbia. Dawa hiyo ni ya kano, si ya mfupa wenye ufa. Mfupa wenye ufa wataka uachiwe mbio kabisa kwa wiki nyingi, na mpimaji ndiye wa kusema ngapi.

Nilifanya kazi hiyo kwenye ngazi ya baraza langu. Wapita njia walisalimu, “Shikamoo Mwalimu, bado tu?” Naitikia, “Marahaba, bado.” Nakiri kwamba neno hilo “bado” lilikuwa zito kulitamka kuliko mbio zozote nilizopata kukimbia. Katika mbio kuna wenzako, kuna mstari wa mwisho. Katika ngazi ya baraza kuna kisigino chako na kalenda. Anayeita hayo uvivu na ajaribu wiki mbili.

Nitajibiwa tena, na jibu hili ni zito zaidi: “Mtoto wa maskini ana nafasi moja. Akiikosa mbio ya leo, nani atamwona kesho?” Naiheshimu hoja hiyo, maana imetoka kwenye hali halisi. Lakini ndiyo inayonishinikiza niseme. Mtoto wa tajiri akivunjika mguu ana gari na ana daktari. Mtoto wa maskini mguu ndio gari lake, ndio jembe lake. Aliye na kimoja hukilinda kuliko aliye navyo vitano. Naye Akhwari, tukumbuke, alikuwa mtu mzima wa miaka 30, aliyejichagulia mwenyewe katika mashindano yanayokuja mara moja kwa miaka minne. Goti lilikuwa lake, naye alikuwa na haki ya kulitoa. Mguu wa mwanafunzi si wangu kuutoa.

Katika wiki ya nane yule mwanachuo wa 1994 alinitembelea. Sasa ni mwalimu wa makamo, anafundisha shule ya msingi vijijini, na siku za baridi anachechemea kidogo. Alikuwa amesikia naumwa. Alinikuta ngazini, akaniangalia nikishusha kisigino, akanihesabia mpaka fungu likaisha. Kisha akasema, “Mwalimu, usikimbie mpaka wakuruhusu. Mimi sikuambiwa hivyo.” Hakusema kwa hasira. Hapo ndipo nilipomwomba radhi, miaka thelathini nimechelewa. Alisema, “Yamekwisha, Mwalimu,” tukaingia ndani kunywa chai.

Kwake labda yamekwisha. Kwa walimu walioko kazini leo hayajaisha, na kwao nina ombi moja. Endeleeni kumsimulia Akhwari, anastahili kusimuliwa mpaka mwisho wa dunia. Lakini msimalizie Mexico City. Wafikisheni watoto Edinburgh. Na akija mmoja wao ofisini akaonyesha kwa kidole mahali panapomwuma, funga mdomo, mpeleke akapimwe, na jina lake lifute kwenye orodha ya mbio za Jumamosi. Atakulilia siku ile. Miaka thelathini baadaye atakuja kukutembelea kwa miguu miwili mizima.