Kisii si Italia, lakini hosteli zetu zimesimama vipi?

Kila ardhi ikitetemeka Uturuki ama Italia, komenti za watu wetu huwa zilezile: pole kwao, sisi huku Gusii shida yetu ni mvua na matope tu. Mimi sikubaliani. Na siandiki hii kutisha mtu, nataka tuongee kuhusu keja tunazolipia kodi.

Jiografia kidogo kwanza, vumilieni. Ukisema Bonde la Ufa, kila mtu anafikiria Nakuru na Naivasha. Lakini bonde hilo lina tawi linaloelekea magharibi hadi Ghuba ya Winam, na ukingo wake wa kusini unapita upande wa Kendu Bay. Hapo ni majirani, si ng'ambo. Hata Ziwa Simbi, lile la hadithi ya bikizee aliyenyimwa chakula kijiji kikazama, ni shimo la volkano. Kwa hivyo hii story ya "Bonde la Ufa ni ya wengine" haishiki.

Tetemeko kubwa zaidi kuwahi kurekodiwa Kenya lilipiga Subukia tarehe 6 Januari 1928, ukubwa wa 6.9, na ardhi ikapasuka kwa zaidi ya kilomita 30. Mwaka huo Subukia ilikuwa mashamba, hakukuwa na ghorofa za kuporomoka. Sasa angalia la juzi juzi. Tarehe 10 Septemba 2016 Bukoba, ng'ambo ya Ziwa Victoria, ilipigwa na tetemeko la 5.9. Lilisikika hadi magharibi mwa Kenya. Zaidi ya watu 15 walikufa na nyumba kwa maelfu zikaharibika. Ukubwa ukipanda namba moja tu, nguvu inazidi kama mara 32. Hiyo ya Bukoba ilikuwa ndogo ukiilinganisha na Subukia, na bado watu walizikwa.

Kinachoua ni nyumba. Mwaka wa 2010 Haiti ilipata tetemeko la 7.0 mwezi wa Januari, na waliokufa ni zaidi ya laki moja. Mwezi uliofuata Chile ikapigwa na la 8.8, lenye nguvu mara mia kadhaa kuliko la Haiti, na vifo vikawa mia tano na kitu. Chile walikuwa wamejenga wakijua ardhi yao ina tabia gani. Na kule L'Aquila, Italia, Aprili 2009, zaidi ya watu 300 walikufa usiku mmoja. Sehemu ya hosteli ya wanafunzi iliporomoka na kuua 8. Walikuwa wamelala.

Hiyo ya hosteli ndiyo hunikaa kichwani nikipita Nyanchwa ama karibu na Chuo Kikuu cha Kisii. Kaunti yetu ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba, ardhi imeisha, kwa hivyo tunaenda juu na tunachimba mlima. Angalia jengo la kawaida la Getembe: chini ni maduka, mbele wazi kabisa, nguzo chache nyembamba, halafu juu vyumba ghorofa tano vyenye kuta nzito. Jengo la aina hiyo likiyumbishwa, ile ghorofa ya chini ndiyo huvunjika kwanza na zote za juu zinaikalia. Nyuma yake kuna ukuta wa udongo mwekundu uliokatwa wima, na udongo huo ukishiba maji hauhitaji kusukumwa sana. Huko Nyamira mashambani hadithi ni nyingine: matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa matope, bila mkanda wa zege juu ya ukuta.

Najua kuna wale watasema nafasi ya tetemeko kubwa hapa ni ndogo, na vyuma ni bei, landlodi atapandisha kodi. Ni kweli, hatari yetu si kama ya Italia. Lakini Huruma, Nairobi, tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa sita lilianguka usiku wa mvua na watu kama 50 wakafa. Hakukuwa na tetemeko lolote. Nguzo nene na vyuma vilivyofungwa vizuri vinakulinda siku zote mbili, ya mvua na ya tetemeko. Mimi afadhali nilipe mia tano zaidi kwa mwezi.

Na si eti sheria haijui. Kenya imekuwa na mwongozo wa kujenga kwa kuzingatia matetemeko tangu 1973! Mwongozo una umri wa mzazi wako, na bado fundi anapunguza ringi za vyuma kwenye nguzo ndio saruji itoshe ghorofa moja ya ziada ambayo haiko kwenye ramani.

Kaunti za Kisii na Nyamira zibandike kwenye lango la kila ghorofa karatasi moja: ghorofa ngapi ziliidhinishwa, nani alikagua, lini. Kama cheti cha usafi kwenye hoteli ya chapati. Na wewe unayetafuta keja muhula huu, kabla hujauliza WiFi, hesabu ghorofa, uliza ziliidhinishwa ngapi, halafu zunguka nyuma uone mlima umekatwa vipi.