Stelingi Hakohoi

Banda la video la utotoni mwangu, Kilwa Masoko, lilikuwa la makuti na magunia, na televisheni yake ilikaa juu ya meza iliyopandishwa juu ya meza nyingine. Wakubwa walikaa kwenye mabenchi, sisi watoto mchangani mbele. Filamu iliyotukaa zaidi kichwani ni ile ya Hong Kong ya mwaka 1986, A Better Tomorrow. Chow Yun-fat, koti refu, miwani myeusi, anashika noti ya dola, anaitia moto, na kwa moto huo anawasha sigara. Noti yenyewe ilikuwa bandia, lakini hilo halikutuhusu. Kesho yake pwani kila mmoja wetu alikuwa na kipande cha karatasi ya daftari na kijiti cha ukuti mdomoni. Hakuna aliyevuta tumbaku siku hiyo. Tulivuta namna ya kusimama.

Nimeanzia hapo kwa sababu toleo hili linahusu vijana na sigara za kwenye sinema, na mara nyingi mazungumzo haya huanzia mwisho, kwenye mapafu. Kijana haanzi na mapafu. Huanza na mkono: jinsi ya kushika, jinsi ya kukunja uso, jinsi ya kunyamaza moshi ukimtoka puani. Moshi wenyewe huja baadaye, kijiweni, kwa fegi moja iliyonunuliwa dukani na kugawanwa na watu watatu. Anayevuta mara ya kwanza hupaliwa, machozi humtoka, wenzake humcheka. Mara ya pili anakimeza kikohozi, kwa kuwa hajawahi kumwona stelingi, shujaa wa filamu, akikohoa. Bandani tulikuwa na kanuni kwamba stelingi hafi. Kumbe hata kukohoa hakohoi. Anavuta, anakimbizana na majambazi juu ya mapaa, na pumzi haimwishii.

Haya si manung'uniko ya watu wazima waliosahau ujana wao. Mwaka 2012 ripoti ya Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani, baada ya kupima tafiti za miaka mingi, ilisema waziwazi kwamba sigara zinazoonekana kwenye filamu ni chanzo kimojawapo cha vijana kuanza kuvuta. Haikusema kwamba mambo hayo mawili yamekutana tu njiani. Ilisema moja linaleta jingine. Shirika la Afya Duniani kwa upande wake limependekeza filamu zenye sigara ziwekwe daraja la watu wazima, zisionyeshe nembo ya kampuni yoyote, na zitanguliwe na tangazo la kuonya.

Wenye viwanda vya sigara walilijua hilo mapema kuliko madaktari. Katika Superman II ya mwaka 1980, mwandishi wa habari Lois Lane, ambaye kwenye vitabu vya katuni hakuwa mvutaji, anaonekana na Marlboro, na lori lenye jina hilo linapita katikati ya mapigano. Kampuni ya Philip Morris ililipia. Mwaka 1989 kampuni hiyohiyo ilitoa dola 350,000 ili sigara zake aina ya Lark ziingie kwenye Licence to Kill, filamu ya James Bond. Malipo ya namna hiyo yalipigwa marufuku Marekani kwa makubaliano ya mwaka 1998, lakini filamu hazizeeki kama sheria. Kanda zilizolipiwa miaka ya themanini ndizo zilizoshuka kwenye mabasi kutoka Dar es Salaam zikaja kutulea Kilwa, Lindi na Mchinga.

Yuko atakayesema tumbaku haikuletwa pwani na sinema. Kweli kabisa. Kwa bibi zetu, uraibu ulikuwa sinia la tambuu, popoo, chokaa na kipande cha tumbaku, la kumkaribishia mgeni. Leo hospitalini neno hilohilo lina maana ya kitu kilichokushika usiweze kukiacha, na neno haliendi mbali hivyo bila sababu. Lakini bibi alikuwa mbele ya macho yetu. Tuliona meno yake, tuliona kopo lake la kutemea, tulimsikia akihangaika siku tumbaku ilipokwisha. Hakuna mtoto aliyetamani kuwa kama yeye kwa sababu ya lile kopo. Sinema imetuletea uraibu usio na kopo.

Sheria tunazo. Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, na mwaka 2007 Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku. Mwaka 2016 shisha ilipopigwa marufuku, aliyesimama kidete ni Waziri Mkuu na mbunge wa Ruangwa wa wakati huo, Kassim Majaliwa, mtu wa mkoa huuhuu wa Lindi. Bodi ya Filamu nayo hukagua filamu na kuzipanga madaraja. Lakini daraja hubaki kwenye jalada, na filamu nyingi hutufikia bila jalada: zimerushwa kutoka simu hadi simu, au zimejazwa kwenye flashi. India tangu mwaka 2012 imeamuru maandishi ya onyo yatokee chini ya skrini kila mhusika anapovuta. Mara nyingine maandishi hayo yanafika hadi huku, kwa Kihindi au Kiingereza, na bandani hakuna anayeyasoma. Watu wanamsikiliza mtafsiri, anayeisimulia filamu kwa Kiswahili.

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Kati ya stelingi wa ng'ambo na mtoto wa Kilwa Kivinje amesimama mtu wetu, mtafsiri. Watu wa rika langu hawaisahau sauti ya Lufufu. Kenya wanaye DJ Afro. Na leo, banda lilipohamia kwenye simu, sauti za watafsiri zimehamia pamoja nalo. Mtafsiri hatafsiri tu. Hutania, huongeza chumvi, huwapa majambazi majina ya mitaa yetu. Na sigara ya sinema ina tabia moja: huwashwa pale maneno yanapokwisha. Stelingi ananyamaza, moshi unapanda, na kwa sekunde hizo chache mtafsiri hana la kutafsiri. Uwanja ni wake.

Kwa hiyo toleo hili haliombi mkasi. Mkasi hauna mahali pa kukata kwenye flashi, na msanii ana haki ya kuonyesha mvutaji kama anavyoonyesha mlevi au mwizi. Waandishi wa Bongo Muvi tunawaomba jambo moja: mkimpa mhusika sigara, mpeni na kikohozi chake. Watafsiri tunawaomba wakijaze kile kimya.

Linawezekana. Nilirudi Masoko kwa mapumziko, nikaingia bandani usiku kama zamani. Stelingi akamaliza kupigana, akaegemea gari, akawasha. Sauti ya mtafsiri ikaja taratibu: "Mwoneni huyu. Hela ya kula hana, ya fegi haikosi. Adui wala asihangaike na risasi, amsubiri tu." Banda likaangua kicheko. Mbele yangu alikaa kijana aliyechomeka sigara nyuma ya sikio. Aliinua mkono, akaichomoa, akaitia mfukoni. Hakuitupa, sigara ni hela. Ila hadi filamu inakwisha, sikio lake lilikuwa tupu.