Diploma ya Kompyuta si Kifuta Machozi

Ukitoka mjini Nakuru kwa barabara ya Eldama Ravine, unapita Kiamunyi kabla ya kufika Chuo Kikuu cha Kabarak. Kwa kuwa chuo kikuu kiko karibu hivyo, si ajabu kumsikia mzazi akisema kwamba mwanawe asipoingia humo, au Egerton kule Njoro, ameanguka. Anayekwenda kusomea kompyuta katika taasisi ya kiufundi hupewa pole. Pole hiyo naipinga.

Katika mtihani wa kidato cha nne, KCSE, wa 2024, kati ya watahiniwa 962,512, waliopata C+ kwenda juu, alama ya kuingilia shahada, walikuwa 246,391. Zaidi ya 700,000 wakabaki nje. Diploma hudai C-, na cheti hudai D. Tukiwaita hawa wote walioshindwa, tumewatupa karibu robo tatu ya watahiniwa wa mwaka huo.

Kazi je? Wengi hufikiria Nairobi na kuunda programu za simu. Mlango huo unazidi kuwa mwembamba kwa anayeanza, maana akili unde sasa huandika misimbo ya kawaida kwa sekunde chache. Lakini sacco yenye matawi vijijini inahitaji mtandao usiokatika. Hospitali inahitaji mtu wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, uzembe katika kazi hiyo unaweza kuleta adhabu ya kisheria. Mashamba ya maua ya Naivasha yanahitaji fundi wa mitambo ya kudhibiti maji na joto. Mei 2024, Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kituo cha data cha dola bilioni 1 huko Olkaria, humu humu katika kaunti yetu ya Nakuru. Vituo vya aina hiyo haviajiri umati vikishajengwa, kwa hivyo tusivitegemee hivyo pekee. Ajira nyingi ziko kwenye ofisi ndogondogo ambazo mashine zake zikizimika, hakuna ajuaye pa kuanzia.

Udhaifu mkubwa ninaouona uko kwenye atachimenti, yaani mafunzo ya kazini. Mwanafunzi anayemaliza miezi yake akitoa fotokopi na kupanga faili hurudi chuoni na barua yenye muhuri, bila ujuzi. Serikali ya kaunti inaweza kuanza kurekebisha hili katika idara zake: kila mwanagenzi akabidhiwe kazi iliyoandikwa, awe na msimamizi, na apimwe kwa alichokifanya.

Kuna pia suala la kuendelea na masomo hadi shahada. Mfumo wa sifa za kitaaluma uliowekwa na sheria ya 2014 unaiweka diploma ngazi ya 6 na shahada ngazi ya 7, lakini masomo yapi yatambuliwe bado ni uamuzi wa kila chuo kikuu. Katika majimbo kadhaa ya Marekani, mikataba iliyoandikwa humwezesha mhitimu wa chuo cha miaka miwili kuingia moja kwa moja mwaka wa tatu wa shahada. Vyuo vikuu vya Nakuru vinaweza kuandikiana mikataba kama hiyo na taasisi za kiufundi za hapa hapa, na kuiweka wazi.

Hadi hapo, mzazi wa Kiamunyi anayetafuta chuo asitosheke na kuhesabu kompyuta za maabara. Aulize wanafunzi wa mwaka uliopita walifanyia wapi atachimenti, na ni wangapi waliobakizwa kazini.